Tunachimba shaba, tunakula risasi

KINSEVERE – Jumamosi iliyopita, katika nganda moja pembeni ya barabara inayotoka Lubumbashi, mabwana wawili wa mjini waliweka mezani chupa mbili za Tembo na kipande cha madini kilichofunguka kama uyoga. Kilikuwa kichwa cha kartushi, kilichotolewa katika nyama ya pongo waliyempiga mbali na hapa. Kwa saa nzima walibishana ni kichwa gani kinachostahili pesa ya mtu: Swift A-Frame au Nosler AccuBond. Dereva mmoja aliyesimama kaunta naye akatia neno juu ya Woodleigh ya Australia, ingawa nadhani hajawahi kuishika.

Mimi nilikuwa nasikiliza tu. Halafu mmoja wao akanigeukia, akakiweka kile kichwa katika kiganja changu, akasema: "Hii haivunjikake, Papa. Inaingia, inafunguka sawa maua, inabakia nzima. Nyama inabakia safi."

Ni hilo neno "safi" lililonifanya niandike leo.

Kwanza tuelewane juu ya maneno, kwa sababu lugha yetu ina mtego hapa. Kiswahili kinaita madini yale mazito, laini na ya kijivu "risasi". Na kitu kinachotoka mdomoni mwa bunduki nacho kinakiita "risasi", na hata "masasi" tunayosema Kongo yametoka humo humo. Wazee hawakukosea. Wakati jina linatolewa, vitu hivyo viwili vilikuwa kitu kimoja. Katika makala hii neno "risasi" nitawaachia madini yenyewe, na kile kinachoruka nitakiita "kichwa".

Wale mabwana nawaheshimu. Wana vibali vya bunduki, na kartushi zao wanajaza wenyewe nyumbani: maganda yaliyokwisha kupigwa mara moja, fataki mpya, baruti inayopimwa kwa mizani ndogo, na vichwa vinavyonunuliwa nje kwa dola. Ni kazi ya mtu mvumilivu. Mtu wa namna hiyo anajua kichwa chake kina uzito gani hadi greni ya mwisho (greni 15 na nusu hivi ni gramu moja). Na kwa sababu wanapenda kupima, nawajibu kwa mizani yao wenyewe.

Kichwa cha kawaida cha kuwindia ni kiini cha risasi kilichovikwa koti la shaba. Kikigonga mfupa kwa kasi, koti linapasuka, kiini kinatoka, na vyote vinatawanyika. Mwaka 1946 Mmarekani John Nosler alimpiga mnyama mkubwa huko Kanada, na vichwa vyake vikapasukia juu juu bila kuingia ndani. Alirudi nyumbani na kutengeneza kichwa chenye ukuta wa shaba katikati, na mwaka 1948 akaanza kukiuza kwa jina la Partition. Wengine wakafuata njia nyingine: kiini cha risasi wakakichomelea kabisa kwenye koti, ili visiachane. Hao ndio "vichwa vya kuchomelewa" vinavyosifiwa sasa: Trophy Bonded, Woodleigh, Norma Oryx ya Sweden, AccuBond. Swift A-Frame imechukua yote mawili, ukuta wa katikati na kuchomelewa kwa mbele.

Sifa zao ni za kweli. Sibishi hata kidogo. Kichwa cha kuchomelewa kinaingia ndani zaidi, kinavunja bega bila kusambaratika, na mnyama hakimbii na kidonda siku mbili porini. Kama ningetakiwa kusimama mbele ya nyati, ningemwomba mwenye A-Frame asimame karibu yangu.

Lakini niliwaomba mizani. Walikuwa nayo garini. Kichwa kilipotoka dukani kilikuwa greni 180, na sasa kilikuwa 168. Bwana akacheka kwa furaha: "Unaona? Asilimia 93!" Nikamwuliza zile 12 zilizobaki ziko wapi. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa mke wake yuko wapi. Mwenzake ndiye aliyejibu, polepole: "Mu nyama."

Ndiyo, mu nyama. Greni 12 ni kama gramu 0.78. Tuwahurumie, tuseme nusu yake ni shaba ya koti na nusu tu ndiyo risasi. Hiyo ni miligramu 390. Sheria ya Umoja wa Ulaya inasema nyama ya ng'ombe, ya kondoo au ya nguruwe haifai kuuzwa ikiwa na zaidi ya miligramu 0.1 ya risasi katika kilo moja. Gawanyeni wenyewe: risasi hiyo inatosha kufikisha karibu tani 4 za nyama kwenye mpaka huo. Pongo mzima, na pembe zake, hafiki kilo 100. Na hapa tunazungumza juu ya kichwa kilichofanya kazi vizuri kuliko vyote vilivyokuwa juu ya meza. AccuBond, kwa maneno ya kiwanda chake chenyewe, imetengenezwa ibakize asilimia 60 hadi 70 tu ya uzito, kwa sababu walitaka iachie kiasi ndani ya mnyama ili afe haraka. Kwa kichwa cha greni 180, hizo ni gramu tatu na nusu na zaidi zinazobaki katika mzoga.

Najua jibu, nililipata palepale: risasi haijigawi sawasawa katika nyama yote kama chumvi katika mchuzi, na kipande kikubwa unakiona, unakitema. Ni kweli nusu. Kipande kikubwa hakina shida. Shida ni vumbi. Mwaka 2008, huko Minnesota, idara ya maliasili ya jimbo ilipiga mizoga ya kondoo kwa vichwa vya aina mbalimbali kisha ikaipitisha kwenye eksirei. Vichwa vya kuchomelewa vyenye risasi wazi mbele viliacha makumi ya vipande katika mzoga mmoja, na vingine vilikutwa zaidi ya sentimita 30 kutoka kwenye tundu. Vichwa vya shaba tupu viliacha viwili vitatu, na havikuwa risasi. Waligundua pia jambo ambalo kila mama wa Kinsevere angepaswa kuambiwa: kuosha kidonda kwa maji hakuondoi vumbi hilo, kunalisambaza.

Mwaka huohuo daktari mmoja wa North Dakota aliyapitisha kwenye mashine kama mafungu 100 ya nyama ya kusaga ya mawindo, iliyotolewa sadaka kwa maskini. Zaidi ya nusu yalikuwa na chembe za madini. Serikali ikapima damu ya watu 738, na waliokula nyama ya mawindo walikutwa na risasi nyingi kuliko wasiokula. Haikuwa nyingi ya kuwalaza hospitali. Lakini Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu ambacho ni salama, na mtoto ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu mwili wake unanyonya sehemu kubwa zaidi ya kile anachokula na ubongo wake bado unajengwa. Mtoto huyo haumwi tumbo. Anakuwa mzito wa kusoma, mwepesi wa hasira, na mwalimu anamwita mjinga.

Na sisi tunavyopika! Nyama ya pori Katanga inataka nyanya nyingi, wengine wanaongeza limau au siki ili kuondoa harufu. Uchachu huo ndio unaoyeyusha chembe za risasi na kuziingiza kwenye mchuzi, na mchuzi ndio unaochovewa bukari na watoto wadogo, wale ambao bado hawawezi kutafuna nyama. Mkubwa anakula mnofu. Mtoto anakunywa risasi.

Nisionekane kama mtu anayewasingizia wenye pesa peke yao. Bunduki zao ni chache. Nyama nyingi inayopita kwa siri katika vikapu na chini ya magunia ya makala haikupigwa kwa A-Frame. Ilipigwa kwa pupu, bunduki ya fundi wa kijijini, au kwa kalibre 12 ya zamani, na ganda la kartushi limejazwa tena mara nyingi kuliko linavyoweza kubeba. Ndani yake kuna vipande vya risasi iliyoyeyushwa kutoka betri za gari. Hao nao ni wajazaji wa kartushi, tena wa kwanza kabisa, ila hawana mizani wala katalogi. Mimi mwenyewe mwaka jana, kwenye matanga, niliuma kipande katika nyama ya funo, jino likapasuka. Watu wakacheka, nami nikacheka, tukaendelea kula. Usiku ndipo nilipokumbuka kwamba mwanangu wa miaka mitatu alikula katika sahani yangu.

Tena risasi hiyo ya betri inayeyushwa katika sufuria uani, watoto wakitazama. Hapa sihitaji kutafuta mifano Ulaya. Kabwe iko kusini yetu, katika nchi jirani ya Zambia. Mgodi wake wa risasi ulifungwa mwaka 1994, na hadi leo watoto waliozaliwa baada ya kufungwa wanakutwa na risasi katika damu kwa sababu wanacheza katika vumbi lake. Na Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilifanya kazi miaka michache tu katikati ya nyumba za watu. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aligundua kwamba mtoto wake amelishwa sumu hiyo kupitia maziwa yake mwenyewe. Alipigana kwa miaka, na mwaka 2020 mahakama ikaamua wakaaji walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kule walikuwa na kiwanda cha kushitaki. Sisi tutamshitaki nani, sufuria?

Sasa nirudi kwa mabwana wangu wa Tembo, kwa sababu wao wana jambo ambalo mwenye pupu hana: wanaweza kuchagua.

Kichwa cha shaba tupu kipo. Randy Brooks wa Barnes alianza kukiuza Marekani mwaka 1989. Hakina kiini wala koti, ni shaba moja yenye tundu mbele, na kikigonga nyama kinafunguka petali nne na kubaki na karibu uzito wake wote. Afrika Kusini, GS Custom na Peregrine wanachonga vya kwao. Si kitu cha mbinguni. California ilianza kuvidai vichwa visivyo na risasi kwa ajili ya ndege wao mkubwa, kondori, aliyekuwa anakufa kwa kula matumbo yaliyoachwa na wawindaji, na tangu 1 Julai 2019 sheria hiyo inahusu uwindaji wote katika jimbo. Denmark, nchi ya wawindaji wengi, iliondoa risasi katika kartushi zote za uwindaji mwaka 2024, na hatujasikia kwamba Wadenmark wameacha kula nyama. Huku kwetu Afrika, watafiti walipima damu ya tai 566 wa mgongo mweupe nchini Botswana. Karibu theluthi yao walikuwa na risasi iliyozidi, na hali ilikuwa mbaya zaidi katika msimu wa uwindaji. Tai hao hawakupigwa na mtu. Walikula mabaki.

Wajazaji wana malalamiko yao juu ya shaba, na mengine yana haki. Shaba ni nyepesi kuliko risasi, kwa hiyo kichwa cha uzito uleule kinakuwa kirefu zaidi, kinakula nafasi ya baruti ndani ya ganda, na mtutu wenye msokoto wa polepole hauwezi kukituliza hewani. Dawa yake inajulikana: shuka uzito. Aliyekuwa anapiga 180 apige 150 au 165, kasi inapanda, na kichwa kinaingia vilevile kwa sababu hakipotezi kitu njiani. Shaba ni ngumu, inataka kasi ili ifunguke, kwa hiyo mtu asipige mbali mno. Vya kwanza vya Barnes vilipaka mtutu shaba na kupandisha presha, ndiyo maana vya baadaye vikakatwa mifereji pembeni. Na hili nalisema kwa herufi kubwa kwa wale wanaojaza nyumbani: KIPIMO CHA BARUTI CHA KICHWA CHA RISASI SI KIPIMO CHA KICHWA CHA SHABA. Tumieni kitabu cha mtengenezaji wa kichwa hicho, msiazime namba ya jirani.

Lakini lalamiko walilonipa kwenye nganda halikuwa hata moja kati ya hayo. Walisema: "Shaba ni ya bei."

Shaba ni ya bei! Hapa, Kinsevere!

Jimbo hili liliitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997. Kabla ya hapo, babu zetu waliyeyusha misalaba ya shaba iliyotumika kama pesa kutoka hapa hadi mbali, na Wayeke wa M'siri wakivuta nyaya za shaba nyembamba kama nywele. Kutoka kwenye hiyo nganda unaona vumbi la malori. Mgodi wa MMG, ambao kampani hiyo iliupata mwaka 2012 ilipoinunua Anvil, unatoa katodi, yaani bamba za shaba safi karibu asilimia 100, na bamba hizo zinakwenda Kasumbalesa, zinakwenda bandarini, zinakwenda kwa wenyewe. Huko baadhi ya shaba ya dunia inachongwa vichwa vya kartushi, inawekwa katika kisanduku kizuri, na inarudi kwetu kwa bei ambayo bwana mwenye gari la magurudumu manne analalamikia. Nami nalalamika pamoja naye, ila si kwa sababu ileile. Mtu anayelipa dola kwa kichwa cha kuchomelewa tayari ameshalipa bei kubwa. Tofauti kati ya kisanduku hicho na kisanduku cha shaba tupu ni ndogo kuliko hesabu ya vinywaji vya Jumamosi ile. Asiniambie ni umaskini. Ni mazoea.

Mwenye pupu, huyo simwambii anunue Barnes. Ningekuwa mpumbavu. Pia sitajifanya sijui kwamba sehemu kubwa ya uwindaji wake iko nje ya sheria ya 28 Mei 1982, na kwamba wanyama wenyewe karibu wamekwisha katika misitu hii iliyokatwa makala hadi mizizi. Huyo anahitaji mambo mengine, na ya kwanza ni kuambiwa ukweli: sufuria ya kuyeyushia betri isikae uani, isipikiwe chakula tena kamwe, na mtoto asikaribie.

Na sisi sote tunahitaji kipimo. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwemo Profesa Banza Lubaba Nkulu, walichapisha pamoja na wenzao wa Ubelgiji matokeo ya mkojo wa wakaaji wa karibu na migodi ya Katanga: kobalti yao ilikuwa ya juu kuliko iliyowahi kuandikwa kwa watu wa kawaida popote. Tangu hapo kila mkutano hapa ni kobalti, kobalti. Haki yake. Lakini juu ya risasi iliyomo katika damu ya watoto wetu, hapa kijijini sijaona hata sindano moja. Kodi ya migodi ya 2018 inaweka asilimia 0.3 ya mauzo ya mgodi kwa maendeleo ya jumuiya zinazouzunguka. Walio katika kamati ya fedha hizo nawaomba hadharani: kabla ya jengo lingine lenye bamba la jina mlangoni, wekeni kipimo cha risasi kwa watoto wa chini ya miaka mitano katika kituo cha afya. Tone la damu la kidoleni linatosha kuanza. Tukikuta hakuna kitu, nitaandika hapa kwamba nilikosea, na mabwana wa Tembo nitawanunulia chupa.

Jumatatu nilikwenda kwa mama mmoja anayeuza nyama iliyokaushwa. Nilimweleza yote, bila hesabu za tani. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akachukua paja lenye tundu jeusi katikati akaniwekea mbele.

"Basi nikate wapi, Papa?"

Nikamwonyesha kwa mkono: kutoka kwenye tundu, kiganja kizima na vidole vilivyotandazwa, pande zote, na hiyo isipewe hata mbwa, ichimbiwe chini. Ya karibu nayo asiuze kwa mwenye mimba wala mwenye mtoto mdogo. Alitazama paja, akatazama mkono wangu. Mkono wangu ulifunika karibu nusu ya paja.

"Na hii nusu ya kuchimbia," akasema, "mutanilipa ngapi?"